Kipindi cha arobaini ya mtangazaji wa vipindi vya Injili: tuanze na kaseti au na watu?

mkwe_wa_mkunazini

Hamjambo wakubwa. Baba mkwe ametutoka, na familia inataka kipindi cha kumkumbuka cha dakika 30. Kitapigwa ukumbini baada ya ibada ya arobaini, nakala moja iende kituo cha redio huko Bara, nyengine izunguke WhatsApp kwa ndugu walioko Pemba na nje. Marehemu aliandika na kusoma vipindi vya dini kwa Kiswahili miaka mingi, na nyumbani alilea watoto saba.

Tulivyonavyo: kaseti 23 (C60 17, C90 4, C120 2; nambari ni dakika za kila kaseti), rili 4 (tepu za magurudumu wazi) za inchi 7, daftari la skripti, na bahasha ya kadi za vituo vya masafa mafupi. Kaseti zimekaa kabati la ukutani Mji Mkongwe, sita zina ukungu mweupe. Deki ya kaseti ipo na kompyuta ipo, mikrofoni hatuna. Zimebaki siku 26. Tuanze wapi, na kipi huharibika?

---

fundi_utepe

Pole kwa msiba. Anzeni na kaseti, tena leo. Watu mtawarekodi hata wiki ya tatu. Kipindi cha mtangazaji kisicho na sauti yake mwenyewe ni salamu za rambirambi tu.

Zile sita zenye ukungu zitengeni na msizipige kabisa. Ukungu ukipita kwenye hedi (kile kipande cha deki kinachosoma utepe) unahamia kaseti inayofuata, na unga wake ni mbaya kwa kifua, kwa hivyo kazi ifanyike barazani, upepo ukitoka nyuma yenu, barakoa usoni. Kwanza zikausheni: ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, na vifuko vingi vya silika, vile vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Vipasheni moto kidogo kabla, maana vifuko vya zamani vimeshashiba unyevu. Siku 5 hadi 7. Msitie mchele, una vumbi la wanga. Ukungu mkavu hufutika kama unga. Mbichi hujipaka na kuganda.

Kisha fungueni ganda, skrubu tano ndogo. Toeni vigurudumu viwili pamoja na utepe wake, futeni kingo kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, hamishieni kwenye ganda la kaseti yoyote nzima isiyo na thamani. Hapo mtakuwa mmetibu na ugonjwa wa pili. Katikati ya ganda, mbele, pana kipande kidogo cha felti, kitambaa kinene, juu ya bati jembamba, kinachosukuma utepe uguse hedi. Gundi yake huachia kwa joto letu. Kikidondoka, sauti inakuwa ya mbali kama mtu kajifunika shuka, na watu hudhani utepe umekufa. Kumbe ni kijifelti.

Deki: hedi na kijiti cha chuma kinachovuta utepe visafisheni kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi na pamba ya kijiti. Spiriti ya kusafishia vidonda aghlabu inaacha utando, msiitumie. Rola ya mpira isafisheni kwa maji yenye tone la sabuni. Kwa kaseti za kawaida rudieni kila baada ya mbili. Kwa zile sita, kila baada ya upande mmoja.

Kabla ya kuhamisha, C60 na C90 zipelekeni mbele hadi mwisho na kuzirudisha mara moja, utepe ulioshikana ujiachie. C120 msizifanyie hivyo. Utepe wake ni mwembamba mno, ukikimbizwa hunyooka au hukatika. Zipigeni tu tangu zilipo.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Karibu na hedi pana skrubu ndogo inayoelekeza pembe yake. Kila mashine ya zamani ilikuwa na pembe yake, na kaseti iliyorekodiwa kwa mashine nyengine itasikika butu kwenye deki yenu. Weka usikilizaji uwe mono (njia mbili zichanganywe kuwa moja), cheza sehemu anayosema maneno yenye "s" na "sh", zungusha skrubu kidogo sana, chini ya robo mzunguko, hadi "s" iwe kali kuliko pengine pote. Fanyeni hivyo kwa kila kaseti. Wanaoruka hatua hii halafu wakaongeza treble kwenye programu wanaongeza mvumo tu, maneno hayarudi.

Kutoka kwenye deki tumieni tundu la "line out" kwenda kisanduku cha sauti cha USB. Msiweke simu mbele ya spika. Rekodini WAV (faili isiyominywa), 48 kHz, biti 24, sauti ya juu kabisa isipite -6 dB. Hata kama kaseti ni ya mono, chukueni njia zote mbili, halafu mchague iliyo safi zaidi. Hesabu: mna saa 27 za utepe, na saa moja ni takriban GB 1, basi tayarisheni GB 28. Kuhamisha hakuna njia ya mkato, saa moja ni saa moja. Mkifanya saa nne kwa siku, ni wiki nzima.

Na msisimamishe kurekodi kipindi kinapokwisha. Acheni kila upande uende hadi utepe uishe wenyewe, hata kama ni mvumo mtupu. Nasisitiza hilo.

Rili tuziongelee baadaye. Zinuseni kwanza: zikinuka siki, niambieni.

---

bi_mhariri

Nipite upande wa watu, maana kaseti zimepata mwenyewe.

Dakika 30 za redio si 30. Tengenezeni 28, kituo kina matangazo na saa yake. Mgao unaofanya kazi: marehemu mwenyewe dakika 9, kwa vipande visivyozidi sekunde 50 kila kimoja; familia 8; msimulizi 7; aliyefanya naye kazi na jirani 2; muziki 2. Msimulizi kwa Kiswahili husoma maneno 110 hivi kwa dakika, kwa hivyo skripti yenu nzima ni maneno 770. Mtashangaa ilivyo fupi. Ukurasa na nusu, na kila ndugu atataka kuongeza jina la mtu.

Mfunguo: sauti yake, sekunde 20 au 30, kabla msimulizi hajasema lolote. Msianze na "leo tunamkumbuka". Ukumbi mzima utanyamaza wenyewe.

Wewe ni mkwe, basi usimhoji mama mkwe. Hatakwambia kitu, na hata akisema atasema kwa heshima tu, maneno ya kumtosha mkwe. Akae na binti yake mkubwa au wifi yake, wewe uwe chumba cha pili na simu imeshawashwa. Dakika 40 zisizidi. Akilia, asikatizwe na simu isizimwe. Kukata kutafanyika baadaye, na kwa ruhusa yake. Maradhi ya mwisho na mambo ya hospitali yasiingie hewani hata kama ameyasema yeye.

Maswali ndiyo yanayoharibu vipindi hivi. Ukiuliza "alikuwa baba wa namna gani?" utajibiwa mpole, mcheshi, mpenda watu, mcha Mungu. Maneno hayo yameshasomwa juu ya kila jeneza. Uliza vitu: Akirudi studio, akipita kwanza wapi kabla ya kukaa? Skripti akiisomea chumba gani, na nyinyi watoto mkifanya nini wakati huo? Ada ya skuli akiihesabu lini, na mbele ya nani? Nani alikuwa akionja mchuzi siku ya Krismasi? Alimwitaje mkewe wakiwa peke yao, alimwitaje mbele ya wageni? Watoto wakigombana, alikuwa akimwita nani kwanza? Halafu baada ya jibu nyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi nne. Jibu la kweli huja baada ya lile la kwanza.

Wajukuu msiwahoji. Kila mmoja aseme kitu kimoja alichofundishwa na babu, sekunde 8, na wafuatane bila msimulizi. Watoto saba wote wasikike, ila wawili tu ndio waeleze kwa kirefu. Watano waliobaki, sentensi moja moja. Wafuatane kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mkivuruga mpangilio huo, arobaini itageuka kikao.

Mikrofoni si lazima. Simu nzuri inatosha kwa programu inayorekodi WAV, si ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ule unaminywa na hauponi. Simu iwe hali ya ndegeni, juu ya taulo lililokunjwa, shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ya pumzi. Feni zote zizimwe, friji ichomolewe (weka ufunguo wa nyumba ndani ya friji, ndiyo njia ya kutosahau kuirudisha). Vyumba vya Mji Mkongwe vina dari refu na kuta za mawe na chokaa, sauti inarukaruka humo. Kaeni pembeni penye nguo zilizotundikwa, simamisheni godoro nyuma ya simu. Kanga ukutani haifanyi kitu, ni nyembamba. Blanketi zito ndiyo.

Saa: kati ya adhuhuri na alasiri, tuseme 7:30 hadi 9:15 mchana. Adhana ikianza, simameni mngoje imalizike. Si kwa sababu inaudhi. Ni kwamba mkikata maneno yaliyo juu ya adhana, adhana itaruka na kila msikilizaji wa Unguja atajua mmekata wapi. Asubuhi na jioni muwakimbie kunguru.

Mwisho wa kila mahojiano rekodini nusu dakika ya chumba kitupu, watu wote kimya. Hiyo ndiyo gundi ya kuzibia mikato.

---

yakhe_wa_weti

Yakhe, na miaka muiangalie. Kipindi kizuri huaibika kwa mwaka mmoja. Familia husema "alitangaza redio fulani 1960" na redio yenyewe haijazaliwa.

Viegemeo vya kupimia. Sauti ya Unguja ilianza 1951. Radio Vatikani ilianza 1931, Kiswahili chake 1961. Sauti ya Injili ya Addis Ababa, ile ya Walutheri, ilirusha 1963 hadi 1977 ilipotaifishwa na Derg, serikali ya kijeshi ya Ethiopia. FEBA, redio ya Kikristo ya Ushelisheli, 1970 hadi 2003, antena zake zilisimama juu ya miamba ya matumbawe Mahé. Trans World Radio ya Swaziland, sasa Eswatini, 1974. Vituo binafsi vya FM nchini vilianza 1994 baada ya sheria ya utangazaji ya 1993, na Radio Maria Tanzania 1996. Kwa hivyo mtu akikwambia marehemu alikuwa FM ya kanisa Dar mwaka 1985, mwaka au kituo kimojawapo si sahihi.

Tofautisheni na kazi yenyewe. Vipindi vingi vya Kiswahili vilivyosikika Addis vilitengenezwa studio ya Moshi, utepe ukasafirishwa. Basi "alitangaza Addis" huenda maana yake ni kwamba sauti yake ilifika Addis, yeye alilala kwake. Kwa mtu wa familia hiyo si tofauti ndogo! Na mtangazaji, mtayarishaji, msomaji na mfasiri ni kazi nne. Angalieni daftari, mwandiko wa skripti na masahihisho ya pembeni vitawaambia alikuwa ipi.

Zile kadi mlizonazo ni dhahabu. Kadi ya uthibitisho wa usikivu ina tarehe, masafa na saa. Saa yake ni UTC (saa ya Greenwich), ongezeni tatu: 1700 ni saa 2 usiku kwetu. Masafa ya kHz 6,000 na kitu ni mita 49, 9,500 na kitu ni mita 31, 11,700 na kitu ni mita 25. Kadi na kaseti zikikubaliana tarehe, semeni tarehe. Zisipokubaliana, semeni "miaka ya sabini", hakuna atakayelalamika.

Lahaja yake kama ni ya kwetu Pemba, msiitafsiri wala msiiombee radhi.

---

jirani_wa_kikwajuni

Nyongeza fupi kuhusu jirani. Aghlabu atakuwa Muislamu. Aongee alivyozoea, akisema "Mungu amrehemu" au "inna lillahi" iachwe kama ilivyo, asielekezwe maneno ya kanisani. Na chini ya sauti yake msitandike wimbo wa kwaya, mtamuweka pahala hakuchagua. Kimya kinatosha.

Kwaya: ombeni ruhusa ya mwalimu wa kwaya kwa maandishi, na kama wimbo una mtunzi anayejulikana ulizeni COSOZA, chama cha hakimiliki Zanzibar, mapema. Kupigwa ukumbini tu si sababu ya kuruka ruhusa, na mkipandisha mtandaoni mfumo wa kutambua nyimbo unaweza kunyamazisha kipande kizima.

---

mkwe_wa_mkunazini

Shukrani nyingi. Siku ya nane leo. Kaseti 17 safi zimekwisha, zenye ukungu nne zimepona, mbili bado ndooni. Maswali matatu. Kaseti tatu sauti ya mzee ni nyembamba, anakwenda mbio. Rili mbili zinanuka siki. Na mtu ametushauri kuzioka kwenye oveni.

La nne si swali hasa. C60 moja, upande wa pili, baada ya kipindi kwisha kuna dakika tano za mvumo, halafu anasikika, inaonekana aliacha mashine ikirekodi. Anamwambia mtoto avue viatu vya skuli avipange, mtoto anauliza kama amemaliza kusoma, anajibu "nimemaliza, njoo". Kiti kinasogezwa. Sekunde 40 hivi, utepe unaisha. Sauti ni ya chini sana na umeme unavuma.

---

fundi_utepe

Msioke! Kuoka ni dawa ya tepu za polyester zenye gundi inayonata, kwa joto la chini la nyuzi 50 na kitu linalodhibitiwa saa kadhaa. Oveni ya jikoni inapanda na kushuka ovyo. Na zenu zinanuka siki, maana yake ni asetati; hizo zikiokwa zinakufa. Inueni rili kwenye mwanga: asetati inapitisha mwanga, polyester haipitishi. Zile mbili zitoeni kwenye mifuko ya plastiki, ziwe kwenye boksi la karatasi, mbali na nyengine kwa sababu mvuke wake huambukiza, pahala penye ubaridi. Msizipige kwa ajili ya arobaini hii. Zitafutieni mtu mwenye mashine nzima bila haraka. Rili ya inchi 7 yenye futi 1,200 ni dakika 32 tu kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde, hampotezi saa nyingi.

Kasi: zilirekodiwa na mashine yenye betri chovu. Motor ilikwenda polepole, sasa deki yenu nzima inamkimbiza. Tafuteni mvumo wa umeme chini ya sauti yake, kama upo, na mwangalie kwenye grafu ya masafa. Umeme wetu ni 50 Hz. Ukisoma 52, punguza kasi iwe asilimia 96.15, yaani 50 gawa kwa 52. Hakikisheni si mvumo wa deki yenu, huo utakuwa 50 kamili na utabaki hata utepe ukisimama. Kama alirekodia mbali na umeme basi mvumo hamna. Hapo linganisheni na kiashirio (muziki wa kufungulia) kilekile cha kipindi kwenye kaseti nzima, urefu wake kwa sekunde.

Mvumo wa "ssss" upunguzeni dB 6, hata 9. Ukifika 20, mzee ataongea kama yuko ndani ya mtungi.

---

bi_mhariri

Zile sekunde 40 ndizo kipindi. Ziwe mwisho, baada ya wajukuu, na msimulizi asizitambulishe wala asirudi baada yake. Toeni dakika nzima ya maneno ya msimulizi mpate nafasi.

Kwanza asikilizishwe mama mkwe peke yake, kabla ya mtu mwengine yeyote na kabla ya ukumbi. Binti yake amwekee. Na huyo mtoto mwenye viatu, jueni ni nani kati ya wale saba, aulizwe kama anaridhia.

---

fundi_utepe

Nakubali. Pandisheni dB 10 au 12, si zaidi, halafu mvumo wa umeme mchukulie kwa kichujio chembamba pale 50 na 100 Hz tu. Mlio wa kiti msiuguse. Ule mvumo wa kabla yake uacheni sekunde 4 ukumbi uzoee. Mwishoni utepe unapokatika uacheni ukatike vivyo hivyo, bila kufifiza, na baada yake tieni sekunde 10 za kimya tupu ndani ya faili, ili anayeendesha mashine ukumbini asiwahi kuweka wimbo.

Faili ya redio iwe WAV kwa -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti). Ya WhatsApp MP3 ya kbps 128 kwa -16, itakuwa MB 27 hivi. Itumeni kama hati, si kama sauti. WAV mama zikae pahala patatu, kimoja kiwe nje ya nyumba hiyo, na fleshi disk msiihesabu.

---

mkwe_wa_mkunazini

Ni wa tano, yuko Chake. Amesema ndiyo. Viatu vilikuwa vya kaka yake.